Kiti cha Kushoto

"Bado," mume wangu alisema.

Mbele yetu kulikuwa na kamio, lori la mihogo, imejazwa hadi imeinamia upande mmoja, na moshi wake wote ulikuwa unaingia puani mwangu. Nilishika volani kwa mikono miwili, nikangoja.

"Bado, Mama Ira. Ngoja kwanza."

Nikangoja tena. Tangu kijiji cha Runingu nilikuwa nangoja, mguu wangu wa kuume ukichezacheza juu ya pedali ya mafuta kama wa mtoto aliyebanwa na mkojo. Kungoja sikujaliwa. Mama yangu alikuwa anasema nilizaliwa mkunga bado ananawa mikono, na tangu siku ile sijabadilika.

Lazima nieleze kwa nini mwanamke mzima, mwenye macho yake mawili, angoje kuambiwa. Carina yetu ina volani ya kuume, usukani uko kulia, kama motokari nyingi za Uvira zinazotufikia kwa njia ya Tanzania. Lakini Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa pembeni kabisa, karibu na majani, na yule wa kiti cha kushoto ndiye anayekaa katikati ya njia. Ukiwa nyuma ya kamio, wewe dereva huoni kitu isipokuwa matako ya kamio. Wa kushoto ndiye anayechungulia. Akisema "Pita," unajitupa. Akisema "Bado," unatulia. Kwetu hapa mtu hamweki yeyote tu kwenye kiti kile, maana unamkabidhi roho yako.

Kiti kile alikaa Rénovat, mume wangu. Na nataka mjue mapema nilichokuwa naogopa kupoteza: volani ile, na mume huyo. Siku ile ilionekana wazi kwamba sitabaki na vyote viwili.

Rénovat alikuwa dereva wa kamio tangu ujana wake. Bukavu, Baraka, Fizi, kila shimo la barabara alilijua kwa jina. Halafu pikipiki ikamgonga pale Mulongwe, karibu na nyumbani, ikamvunja goti la kushoto, goti la ambreyaji, la kukanyagia klachi. Lilipona kwa namna lilivyotaka lenyewe. Anatembea na fimbo, kulikunja hawezi. Ndiyo akaamua kunifundisha mimi, Bernardine, mke wake, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Alinifundisha asubuhi kwenye uwanja wa mpira. "Weye usiogope," alikuwa anasema, "hii haiko ng'ombe, haitakupiga teke." Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye subira kuliko nilivyostahili. Nilidhani najifunza kazi. Nilikuwa nawaza magunia ya ndagala nitakayopeleka soko la Sange bila kumbembeleza mtu, na mchele nitakaorudi nao. Hakuna aliyeniambia habari ya ile raha.

Sasa niiseme, maana mficha uchi hazai. Siku ya kwanza niliyompita mtu barabarani nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, mama wa Iradukunda, msichana anayesoma chuo Bukavu, mtu wa kufagia kanisa Jumamosi. Rénovat akachungulia, akasema, "Pita." Nikaitika "Ego," yaani ndiyo kwa Kirundi chetu cha nyumbani, nikakanyaga. Motokari ilisita kidogo, kama inameza mate, halafu ikaenda. Mgongo wangu ukagandamizwa kitini. Mtetemo ulianzia nyayoni, ukapanda mapajani, ukaja kukaa tumboni, chini ya kitovu, mahali ambapo kwa muda mrefu hapakuwa na habari yoyote. Kamio ilikuwa kando yetu, kubwa, inanguruma, halafu ikawa nyuma, na barabara ikafunguka yote mbele yangu. Uso uliniwaka. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kamio nyingine.

Siyo mbio peke yake. Jambo hili nimelifikiria sana. Mbio hata abiria anazipata, na abiria anasinzia. Utamu uko kwenye ule muda mdogo kabla ya kupita: wewe huoni, mwenzako anaona, chuma kizito kinangoja kidole chako cha mguu tu, na mwili mzima unajua kwamba ni sasa hivi. Kisha neno linatoka na unajiachilia. Mwanamke wa umri wangu anapikia watu, anafulia watu, anaombea watu. Ni kitu gani kingine duniani kilikuwa kinamngoja yeye kikitetemeka?

Nikawa mtu wa kuhangaika. Nikisonga ugali, mwiko unageuka gia, unaingia vitesi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kanisani, padri akihubiri, mguu wa kushoto unakanyaga ambreyaji chini ya benchi, mpaka mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nina siafu. Asubuhi nilikuwa nakwenda kukaa ndani ya Carina uani, milango imefungwa, volani mkononi, na harufu ya ndagala imeingia hata kwenye vitambaa vya viti. Harufu ya ndagala haijawahi kumtia mtu mapenzi, kila mtu anajua. Mimi nilikuwa nainusa na moyo unadunda. Majirani nao hawakunyamaza. "Mwanamke anayetembeza motokari," walisema, "kesho utasikia anatembea na mtu." Wakachekea viganjani. Niliwajibu kwamba wa kwangu ana magurudumu manne na hakoromi.

Rénovat hakucheka. Tangu goti lile alikuwa amegeukia ukuta kitandani, na mimi nilijiambia ni maumivu, yatapita. Mchana mmoja tulirudi kutoka Sange, nilikuwa nimepita motokari nyingi siku ile, mvua ikaanza kupiga mabati na nyumbani hakukuwa na mtu. Nikamshika shati. Nilikuwa nawaka, nasema ukweli. Akaniangalia machoni, kisha akauondoa mkono wangu polepole, kidole kimoja kimoja.

"Enda ukaoge, Mama Ira. Unanuka ndagala."

Ndagala nilinuka tangu tuoane, na hakuwahi kulalamika. Nilikwenda kuoga nimenuna, nikajimwagia maji baridi, na sikuelewa kitu. Tangu siku ile "bado" zikaanza kuwa nyingi. Bado, iko motokari inakuja. Bado, iko kona. Bado, iko baiskeli. Tulikuwa tunafika Sange wateja wamekwisha kununua kwa wengine, na mimi nimejaa moshi mpaka kooni, nina hasira ya mtu aliyekalishwa mezani akanyimwa chakula.

Ningeendelea kungoja mpaka leo kama Rénovat hakushikwa na malaria. Siku ile ya soko hakuweza kuinuka, na ndagala hawangoji mgonjwa apone. Nikamwomba jirani yangu Déborah anisindikize. Déborah ni Mnyamulenge wa kule milimani, anauza maziwa, anaimba kwaya ya Waprotestanti, na mdomo wake hauna mlango. Alipanda na mtungi wake wa maziwa, akaupakata mapajani. Baada ya Kiliba tulikuta kamio ya mbao, nikatulia nyuma yake kama nilivyozoea.

"Weye Bernardine," Déborah akasema baada ya kitambo, "tutafuata matako ya hii kamio mpaka Bukavu?"

"Nangoja uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Kama mbele iko kitu."

Akachungulia. "Haina kitu! Barabara iko bure kama kanisa siku ya kazi. Iko bure tangu kule nyuma."

"Tangu wapi?"

"Tangu kwenye ule muti! Minye nilizani weye unaumwa na mguu. Pita, dada!"

Nikapita. Déborah akapiga Haleluya, maziwa yakamrukia kifuani, akapiga nyingine. "Rudilia!" alisema. Nikarudilia. Nilipita mbao, nilipita matofali, nilipita wanajeshi waliopakiwa nyuma ya pikapu, wakatupungia mkono. Tulifika Sange asubuhi ingali na umande, na ndagala zangu zikaisha watu wengine wakiwa bado barabarani.

Wakati wa kurudi ndipo wazo lilinijia, na lilipokuja halikuondoka. Barabara ni ile ile. Siku ya soko ni ile ile. Inawezekanaje iwe wazi kwa Déborah na imejaa kwa Rénovat, mtu aliyezeeka juu yake?

Nilimkuta ameketi kitandani, amejifunga blanketi, jasho linamtoka. Aliniangalia nikivua viatu. Nadhani nilikuwa naimba.

"Mumefika mbio," alisema.

"Barabara ilikuwa bure."

Keshoye malaria ikiwa haijamtoka vizuri, alimwita mdogo wake Nzeyimana, wakaongea uani. Jioni akaniambia kwamba wamepatana. Kuanzia juma lijalo Nzeyimana ndiye atakayekamata volani. "Weye utapumuzika," alisema, bila kuniangalia. Siku ya soko itakayofuata nitaendesha mimi, ya mwisho. Tukirudi tutamkuta Nzeyimana amesimama Kavimvira, tutampakia pale, aiingize motokari mjini aizoee.

Shemeji yangu Nzeyimana ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini anaendesha kama anafuata jeneza. Hajawahi kumpita mtu maishani mwake, hata kwa miguu. Nami nirudi nyuma, nikalie magunia.

Sasa mnaelewa hali niliyokuwa nayo nyuma ya kamio ile ya mihogo, safari yangu ya mwisho, na mume wangu kando yangu akisema bado.

"Bado," alisema tena.

Nikafanya kitu ambacho dereva wa kuume hafanyi. Niliinama kushoto, kichwa changu kikafika begani kwake, nikachungulia mwenyewe. Barabara ilikuwa tupu. Ilinyooka kati ya mashamba ya mpunga mpaka macho yanapochoka, na juu yake hakukuwa na hata kuku. Nikageuza macho nikamtazama Rénovat. Alikuwa anaitazama barabara ile ile niliyoiona mimi.

"Bado," alisema.

Niliingiza motokari majanini, nikazima. Kamio ikaenda zake na mihogo yake. Nilikuwa natetemeka, na safari hii haikuwa raha.

"Juu ya nini?" nilimuuliza, nikitaka sababu.

"Juu ya nini, nini?"

"Mbele haina kitu. Nimeona. Weye unaona, na unasema bado."

Akaanza kusugua goti. "Haraka haraka haina baraka, Mama Ira."

"Hiyo uwaambie watoto wa masomo! Minye nakuuliza weye, Papa Ira. Hiki kiti umekalia, ndiyo macho yangu. Ukinidanganya leo kwa bado, kesho utanidanganya kwa pita, na watatukokota wote wawili chini ya kamio."

"Siwezi kukuua."

"Basi sema."

Wanawake wawili waliokuwa wanapalilia mpunga waliinuka wakatuangalia, mikono viunoni, kama watu waliopata sinema ya bure. Rénovat akafungua mlango, akaufunga tena. Sijawahi kumwona mume wangu akikosa pa kuweka mikono.

"Ukipita," alisema mwishoni, "unasema ego."

"Nasema ego juu umesema pita. Mutu akikuambia kitu, unaitika."

"Hapana. Hausemi vile." Akavuta pumzi, akaishusha sauti, akaitoa nusu kwa pua na nusu kwa koo, taratibu, mpaka ikaisha yenyewe. "Egooo."

Damu yote ilinipanda usoni. Sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu, lakini haikuwa ya barabarani. Ilikuwa ya chumbani, ya zamani, Iradukunda wetu akiwa hajazaliwa, ya mwanamke ambaye nilidhani alikwisha hama kwangu bila kuaga.

"Ile ulikuwa unaniambia minye," Rénovat alisema. "Sasa unaiambia motokari. Na minye niko hapa kando, niko nasema pita, pita, kama mutu anamufungulia mwanaume mwingine mulango ya nyumba yake."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia.

"Na ile siku ya mvua?" niliuliza.

"Ile siku ulikuja umekwisha kupashwa moto na mwingine. Sikutaka mabaki."

"Mabaki!" Nilipiga volani, honi ikalia, wale wanawake wakaruka. "Weye umegeukia ukuta tangu hospitali, minye nalala na mugongo yako kama nalala na kabati, halafu unaniambia mabaki!"

"Goti langu..."

"Goti haiko mudomo! Goti haiko mukono! Nani alikuambia bibi anaolewa na goti?"

Hapo nusura acheke, nikaona midomo yake ikikaza. Lakini hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mimi sijui. Kwamba alipokuwa anaendesha yeye, alikuwa anashuka kwenye kamio akiwa mwanaume, na alikuwa anakuja nyumbani na ile nguvu bado iko mikononi, na nilikuwa nampokea. Sasa anashuka kwa fimbo, mimi ndiye ninayeshuka na ile nguvu, na yeye hajui aipokee namna gani. Kisha akasema tuende, ndagala zitaharibika.

"Nasikia raha," nilimwambia kabla ya kuwasha. "Sitakuficha. Nikipita, nasikia raha mu mwili yote. Ukimupa Nzeyimana hii volani utanikata mukono."

"Nimekwisha kumuambia Nzeyimana."

"Niko najua."

Niliwasha, tukaenda mpaka Sange. Sokoni nilipima ndagala, nilitukanwa na wateja waliochelewa kuhudumiwa, nikawatukana pia. Rénovat alikaa motokarini mlango wazi, mguu wake mbovu umenyooshwa nje. Nikiwa nafunga gunia la mchele kuna kitu kilinigonga, nikasimama na kamba mkononi. Siku ya Déborah nilipita kila chenye magurudumu. Nilicheka, nilipiga kelele, mwili ulichangamka kama mtu aliyekunywa soda baridi kwenye joto. Ilikuwa tamu. Lakini ego haikutoka. Déborah alisema pita, na mimi nilijibu "Sawa, dada," nikakanyaga. Ile iliyokuwa inaanzia nyayoni ikaja kukaa chini ya kitovu, siku ile haikuja.

Kumbe nilikuwa naitika sauti. Motokari ile ile, barabara ile ile, aliyekosekana alikuwa yule wa kiti cha kushoto.

Nilimtazama kwa mbali. Nilitaka kwenda kumwambia palepale, nikaona ataniona nambembeleza ili nibaki na volani. Na kusema kweli, nilikuwa nambembeleza pia. Sikumwambia. Nilipakia mchele, tukaanza kurudi, safari hii milima iko upande wangu na tambarare yote iko upande wake, na kila kilometa ilinipeleka karibu na Nzeyimana.

Kabla ya kufika usawa wa Kiliba tulikuta trekta ya miwa. Mwenye kuijua barabara yetu anazijua. Inavuta matela mawili, miwa imepangwa imetokeza pande zote, inafagia njia nzima. Niliinama kushoto nichungulie, nikaona miwa. Niliinama mpaka sikio langu likagusa shati lake, nikaona miwa. Hapo hakuna ujanja. Ni wa kushoto peke yake, tena mpaka atoe kichwa dirishani.

Rénovat akatoa kichwa. Upepo ukampiga mashavu. Nilisubiri bado yake, nilikuwa nimejiandaa kuichukia.

"Pita," alisema.

Nataka niwaambie mambo yaliyonipitia kichwani, yote kwa muda wa kumeza mate. Kwamba aliyenidanganya asubuhi ameketi pale pale. Kwamba barabara hii ndiyo ya kamio za mafuta, zinakuja kutoka mpakani bila kupunguza. Kwamba mtu aliyeumia moyo hapimi vizuri. Kwamba ningeweza kubaki nyuma ya miwa mpaka Kavimvira, nikamkabidhi shemeji ufunguo, nikaishi. Na kwamba nikibaki, hata nikiachiwa volani mpaka nizeeke, sitampita mtu tena kwa neno la mume wangu, na mume wangu atajua kwa nini.

Nilirudisha vitesi ya tatu, nikakanyaga.

Tela la kwanza lilipita dirishani kwangu, miwa ikikwaruza kioo. Tela la pili. Sikuona mbele bado, niliona mikono yangu tu na vumbi. Mtetemo ulikuwa umefika mapajani, umefika tumboni, na nilijua ni nini kinapanda kooni. Nikauma midomo. Nilimhurumia. Nilifunga mdomo kama mtu anayezuia chafya kanisani, nikaimeza yote, na machozi yakanitoka kwa sababu ya kuimeza.

Trekta ikawa nyuma. Barabara ilikuwa wazi, yote, mpaka kule ziwa linapoanza kung'aa. Hakukuwa na kamio ya mafuta. Hakukuwa na kitu.

Tulikwenda hivyo. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya vitesi.

"Haukusema," Rénovat alisema.

"Sikusema."

Akaangalia nje, kwenye mashamba.

"Nilikuwa naingoja," alisema.

Nikamwambia basi. Nilimwambia kuhusu Déborah, na soda, na kwamba sijawahi kuitika vile kwa mtu mwingine, awe wa nyama au wa chuma. Nilimwambia haraka haraka na bila mpangilio, nikikwepa mashimo. Hakusema ananiamini. Aliinua mkono wake wa kuume kutoka kwenye goti, akauweka juu ya wangu, juu ya vitesi, akauacha pale. Nilipobadilisha ya nne, tulibadilisha wote wawili. Mkono wake ulikuwa bado unajua kazi.

Kavimvira ilifika. Kulikuwa na pikipiki zinazogombea abiria, wanawake wa samaki wa kukaanga, na mbele kidogo, pembeni mwa barabara, shemeji yangu Nzeyimana amevaa shati la kanisani, amesimama wima, mkono mmoja tayari ameuinua. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefika mapema, kama kawaida yake.

Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikaanza kutafuta breki.

Mkono wa Rénovat ukanibana vidole. Alichungulia mbele, vizuri, bila haraka, kama alivyonifundisha.

"Pita," alisema.

"Ego," nikaitika, na nikampita shemeji yangu mkono wake ukiwa bado juu.